Kuhusu Mgeni Aliyekutwa Ndani ya Sima

Kwa Mzee Mwinyihaji,
Mwenye mashine ya kusaga, Bombolulu.

Mzee wangu, shikamoo. Natumai u mzima, wewe na watu wa nyumbani, na mashine inanguruma kama kawaida. Mimi si mzima sana. Naandika kwa sababu nikija mwenyewe nitapandwa na hasira, nawe ni mtu ninayekupenda.

Juu ya mifuko yako umeandika: "Unga safi, hauna vitu vigeni." Jumapili ya juzi walikuja watu kutoka Port Reitz kumposea kijana wao binti yangu Mapenzi. Tulichinja jogoo, tukasonga sima ya unga wako. Shangazi wa kijana, Bi. Dhahabu, akamega tonge la kwanza, lahaula! Mdudu fukusi ametulia humo katikati, miguu juu. Mama wa watu alimtoa kwa ncha za vidole. Alimweka ukingoni mwa sahani, akamtazama, kisha akanitazama mimi. Tangu siku ile ni kimya, na simu zangu hazipokelewi. Posa ya mwanangu inakufa, Mzee, na aliyeiua hafiki hata uzito wa punje.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mgeni kwetu sisi hubisha hodi, akapewa kiti, akaulizwa habari za atokako. Huyu wako aliingia bila hodi mpaka kwenye tonge la shangazi. Adabu gani hiyo?

2. Labda utajitetea kwamba fukusi si mgeni, ni mwenyeji wa mahindi tangu shambani. Nakubali, nimelima Kaloleni, namjua. Basi andika hivyo mfukoni: "Unga pamoja na wenyeji wake." Mtu anunue akijua anakula na nani.

3. Uzi wa gunia niliukuta mwezi wa tatu, nikanyamaza. Changarawe ilining'oa jino la nyuma, nikasema hewala, jino lenyewe lilikuwa bovu. Kipande cha gunzi tuliwashia jiko. Unaona nilivyo mvumilivu! Lakini wageni hao walikuja tukiwa peke yetu, hawakuniaibisha mbele za watu.

4. Na kama sima yako huja na kitoweo chake, ungeniambia mapema. Jogoo wangu angekuwa hai hadi leo.

Kwa hiyo naomba uvae kanzu yako ya Ijumaa twende pamoja Port Reitz. Huko utakiri mbele ya Bi. Dhahabu kwamba mdudu ni wako, amezaliwa na kulelewa mashineni kwako, wala hana undugu wowote na jiko la mke wangu. Mke wangu hali, halali, anasema ataitwa mchafu mpaka Mariakani. Ukikataa, nitakwenda kwa chifu. Marehemu nimemhifadhi ndani ya kiberiti kama ushahidi, na nitaomba apimwe ijulikane alikula unga wa nani.

Nisalimie mama watoto, vijana wanaopakua magunia, na yule paka wako anayelala juu ya mahindi badala ya kufanya kazi.

Ni mimi mteja wako mwenye pengo,
Gershom Kaingu

Tanbihi: Barua hii nilimpa Mapenzi anisahihishie. Alicheka hadi akakaa chini, halafu akaanza kulia. Kumbe unga wako siku ile haukuwa na neno. Fukusi alimtoa yeye mwenyewe kwenye kopo la kunde, akamchomeka kwenye sima ya shangazi kwa mkono wake. Mapenzi hamtaki kijana yule, na sisi wazazi hatukumwuliza hata siku moja. Nimeona haya, Mzee, haya kubwa. Sasa hivi Bi. Dhahabu amepiga simu: wametusamehe, na Jumamosi wanarudi na wazee wanane. Kuwakataa waziwazi sina ulimi huo. Tafadhali nisagie kilo nne za sima ya Jumamosi, na usichekeche.