Meka Iliyosawazishwa kwa Rula

Kamina, Jumatatu, tarehe 30 mwezi wa tisa 2024

Daftari, unisamehe. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari mmoja. Si uvivu. Kalamu iliisha wino, na kupata nyingine kungenilazimu kumwomba mke wangu franka mia tano. Nilikataa. Kukaa kimya miezi sita ni afadhali kuliko kunyoosha mkono. Kalamu hii niliiokota jana mezani, baada ya mkutano wa wazee wa kanisa. Haikuwa na mwenyewe. Imeandikwa "Mtunza hazina", lakini hilo si jina la mtu.

Hali ni hii. Nilifundisha miaka thelathini na minane, kumi na mmoja kati ya hiyo nikiwa mkuu wa shule. Karatasi zangu za pensheni ziko Lubumbashi. Zinangoja sahihi ya mtu ambaye, nasikia, naye amestaafu na anangoja ya kwake. Mwanangu Wenceslas anafanya kazi Kolwezi. Kila mwezi anatuma pesa, lakini kwenye simu ya mama yake. Nilimuuliza sababu. Akasema eti simu yangu haishiki mtandao. Mama yake, Béthanie, anauza vitumbua karibu na stesheni. Basi katika familia hii yuko mwenye kutuma na yuko mwenye kupokea. Mimi ni mwenye kusikia simu ikilia.

Jana, kikapu cha sadaka kilipokaribia benchi letu, Béthanie alifungua fundo la kitambaa chake akanipa noti ya mia tano. Mbele ya Mama Marie-Thérèse, mkuu wa akina mama wa kanisa. Marie-Thérèse akatazama dari. Afadhali angecheka.

Nimeamua. Nina miaka sitini na tisa. Kabla ya Noeli nitakuwa na mfuko wangu, wenye pesa zangu, na wembe nitanunua bila kutoa maelezo.

Jumatano, tarehe 2 mwezi wa kumi

Leo zamu ya likelemba imemfikia Béthanie. Wako wanawake kumi na wawili. Kila mwezi kila mmoja anatoa franka elfu thelathini, na mmoja anabeba zote. Jumla: elfu mia tatu na sitini. Amengoja mwaka mzima. Pesa hizo zina kazi yake tayari: mabati kumi ya chumba cha kulala. Paa limetoboka juu ya kitanda kabisa. Masika yaliyopita tulilala na beseni katikati yetu kama mtoto mchanga.

Nilitoa ubao wangu wa zamani, nikauegemeza ukutani nyuma ya nyumba, nikamweleza kwa chaki. Kaniama, meka moja ya mahindi, yaani lile bakuli la kupimia la sokoni, ni franka elfu moja na mia tano. Hapa Kamina ni elfu mbili na mia tano, hata zaidi. Meka mia mbili: elfu mia tatu. Lori: elfu sitini. Mauzo: elfu mia tano. Faida: elfu mia moja na arobaini. Yeye anapata mabati yake yote, nami nabaki na mtaji. Nikapiga mstari chini ya jibu, mara mbili.

Aliendelea kukoroga unga. Akauliza jambo moja tu: nani atauza. Nikasema mimi. Akaacha kukoroga.

Alikubali kwa sharti. Koti langu la Jumapili litakaa ndani ya sanduku lake, chini ya kufuli, mpaka mabati yawe juu ya nyumba. Akasema, "Baba Wenceslas, weye unajua hesabu. Minyi nakujua weye." Nikaenda kulileta koti.

Jumamosi, tarehe 5

Kaniama. Nilifika jana kwa pikipiki. Mgongo wangu bado uko njiani.

Mkulima wangu anaitwa Mbuyu, mtu mpole. Alianza kupima wanavyopima wote: anajaza meka mpaka mahindi yanasimama kama kilima, kisha anaongeza viganja viwili juu ya kilima. Hivyo viganja vya mwisho ndivyo matabishi, zawadi ya muuzaji kwa mnunuzi. Tabia mbaya. Nimeipiga vita maisha yangu yote. Kipimo ni kipimo. Meka inaishia kwenye ukingo wa meka. Nikatoa rula yangu ya sentimita thelathini, nikasawazisha.

Mbuyu alitazama mahindi yakimwagika kwenye turubai. Akasema, "Baba, ile ya juu iko yako." Nikamweleza kwamba mtu mwadilifu hachukui asicholipia. Akamwita mke wake aje aone. Mke akawaita majirani. Mzee mmoja aliletwa pamoja na kiti chake. Wote wakataka kuniuzia. Mke wa Mbuyu akaniletea chai na viazi vitamu. Watu wa Kaniama bado wanaheshimu elimu.

Magunia matano, meka arobaini kila moja. Gunia la tano lilijaa karibu lote kwa mahindi yaliyokuwa yamemwagika kwenye turubai. Nilimlipa Mbuyu, nikamsifu kwa kutopoteza kitu.

Jumatatu, tarehe 7

Soko kubwa, siku ya kwanza. Meza yangu iko kando ya meza ya Hamadi. Babu zake walikuja na biashara kutoka Maniema. Yeye alikuja kwangu, darasa la tano, nikamrudisha mara mbili kwa sababu ya hesabu. Sasa ana maduka mawili. Alinisalimu kwa mikono miwili akanipa kiti. Kiti kizuri. Nilikikalia kwa uchungu.

Yeye anauza elfu mbili na mia saba. Mimi elfu mbili na mia tano. Kwa hiyo watu walikuja kwangu kwanza. Nikajaza meka, nikapitisha rula. Mama Sifa, niliyemfundisha darasa la tatu, aliutazama ule ukingo kama mtu aliyeangusha sindano. Akauliza kilima kiko wapi. Nikamjibu kwamba kilima hakimo katika bei. Akauliza juu ya matabishi. Nikamjibu kwamba matabishi ni ufisadi mdogo unaofundisha ule mkubwa. Akawageukia wenzake: "Hata ku masomo njo vile alikuwa. Pointi nusu tu, anakukatalia." Wakacheka, wakahamia kwa Hamadi, aliyekuwa akimimina kwa mikono miwili huku akiwauliza habari za watoto wao, mmoja mmoja, kwa jina.

Nimeuza meka tatu. Mbili kwa mgeni aliyeshuka kwenye treni. Moja kwa Mchungaji Zakaria, aliyefumba macho nilipopitisha rula.

Jumatano, tarehe 9

Ujinga hutibiwa kwa mafundisho. Leo nimebeba ubao mpaka sokoni. Nikaandika juu kabisa: NANI ANAUZA KWA BEI NAFUU? Watu wakakusanyika. Wengine walipanga mistari bila kuambiwa. Kwa mara ya kwanza mwaka huu nilijisikia mtu.

Nikaomba kwa Hamadi meka moja, pamoja na kilima chake na viganja vyake. Akanipa bila ubishi. Nikaisawazisha mbele ya wote, nikapima kilichobaki: sehemu moja ya tano ya meka. Nikaendelea kwa chaki. Meka moja na sehemu moja ya tano, kwa bei yangu, ni franka elfu tatu. Kwa Hamadi, elfu mbili na mia saba.

Nikarudia hesabu. Ikatoka vilevile.

Mama Sifa alisoma jibu kwa sauti, kwa faida ya waliosimama nyuma. Hamadi akasema polepole, kwa heshima zote, kwamba kama ningemfundisha hivi darasa la tano, angepita. Ningeweza kufuta. Lakini hesabu iliyo sahihi haifutwi. Niliipigia mstari. Kisha Hamadi akauliza kama naweza kumwazima ubao, auweke kwenye meza yake. Nilitafuta sababu ya haki ya kumnyima. Sikuipata.

Meka zilizouzwa leo: hakuna.

Jioni nilimweleza Béthanie kwamba soko la Kamina halina akili. Akasema, "Bantu habakuye juu ya mahindi tu. Banakuya kuangalia kama utabapa kitu." Sioni uhusiano. Watu huja sokoni kununua, si kuangalia kama watapewa kitu. Akaniambia pia nihamishe magunia, kwa sababu yako chini ya tundu la paa. Nikamwambia mvua haianzi kabla ya tarehe 20. Nimeandika tarehe za mvua miaka thelathini.

Jumapili, tarehe 13

Mvua imeanza leo.

Nilikuwa kanisani, nimevaa sweta, kama mlinzi wa ghala. Mchungaji Zakaria alihubiri juu ya kutoa bila kupima. Aliniangalia mara mbili. Nashuku mtu amezungumza naye. Mara mabati ya kanisa yakaanza kunguruma, hakuna aliyesikia neno tena. Béthanie akainuka, akavua viatu, akatoka mbio. Mimi nilibaki. Haifai mtu kutoka kabla ya baraka.

Nilipofika nyumbani nilimkuta amelowa mpaka nywele. Magunia matatu alikuwa ameyaburura peke yake hadi jikoni. Mawili yalikuwa yamekwisha kunywa maji. Godoro pia. Alikuwa anakamua shuka.  Nikamuuliza kama anahisi baridi. Akasema ni baridi.

Nikamweleza kwamba wastani wa miaka thelathini haubatilishwi na mvua moja. Aliendelea kukamua shuka, ingawa maji yalikuwa yamekwisha kutoka.

Alhamisi, tarehe 17

Biashara imeondolewa mikononi mwangu. Sikuulizwa. Mahindi yaliyolowa Béthanie aliyaanika, akasaga yaliyopona, akapika munkoyo, kile kinywaji cha mahindi. Anauuza stesheni kwa kikombe, pamoja na vitumbua. Magunia yaliyo makavu aliyapeleka sokoni, kwenye meza yangu, jirani na ubao wangu. Elfu mbili na mia saba. Kilima. Viganja viwili. Kwa aliyebeba mtoto, kiganja cha tatu. Yamekwisha kwa siku mbili. Hamadi mwenyewe alimtumia wateja.

Nimefanya uchunguzi. Kwa kipimo changu zilikuwa zimebaki meka mia moja na kumi na saba. Kwa kipimo chake zimetoka chini ya mia moja. Ametupa meka ishirini na zaidi. Nilimwonyesha hasara hiyo kwa mkaa ukutani, maana ubao uko kwa Hamadi. Akasema nisichafue ukuta.

Ukijumlisha kila kitu, hata munkoyo, hata meka zangu tatu, pesa zinatosha mabati manane.

Jumamosi, tarehe 19

Fundi Ngoie amekuja kupiga mabati. Akauliza: kwa kuwa ni manane na nafasi ni ya kumi, pengo liachwe upande gani? Béthanie alionyesha kwa kidole bila kugeuza kichwa.

Ni upande wangu wa kitanda. Beseni sasa ni langu peke yangu.

Niliomba koti. Nikamkumbusha kwamba mabati yako juu ya nyumba, kama sharti lilivyosema. Akajibu kwamba sharti lilikuwa mabati kumi, si manane. Akaongeza, "Kipimo njo kipimo, Baba Wenceslas." Fundi Ngoie alikohoa huko juu. Alikohoa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa kikohozi.

Jumapili, tarehe 20

Nimelala kidogo, nimefikiri sana. Kosa halikuwa langu. Hesabu za ubao wa kwanza zilikuwa sahihi, na za ubao wa pili zilikuwa sahihi zaidi. Kosa ni umbo la mahindi. Kitu kidogo, cha mviringo, kinachokubali kurundikwa, hakiwezi kuuzwa kwa haki.

Jibu liko Bukama: samaki wakavu. Samaki hapimwi kwa meka. Samaki huhesabiwa. Mmoja ni mmoja. Hakuna awezaye kuweka kilima juu ya samaki. Wanasema wauzaji wa huko huongeza wadogo wawili watatu juu ya fungu. Nitawakatalia. Rula nitaibeba, kwa ajili ya urefu.

Mtaji sitamwomba mke wangu. Huo ndio uhuru. Zamu ijayo ya likelemba ni ya Mama Marie-Thérèse. Leo baada ya ibada nilimweleza mpango wote, nikampa dhamana viatu vyangu vyeusi. Alitazama dari tena. Naichukulia kama dalili ya kufikiri. Akasema lazima kwanza azungumze na Béthanie.

Basi nangoja. Wakishakata shauri, nitakuandikia siku hiyohiyo, isipokuwa mtunza hazina awe amenidai kalamu yake. Leo aliitazama sana.