Jinsi Mama Mkwe Alivyovushwa Mpaka wa Kata Akiwa Kitini

Sogeeni, enyi wenye masikio! Nanyi mnaochokonoa meno mkijifanya hamsikii, sogeeni pia. Wekeni simu chini, mwambieni jirani azime redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana sitarudia. Ninayoyaleta si porojo za kijiweni. Ninaleta habari za siku ile ambayo kiti kimoja, chenye mtu juu yake, kilitoka kata moja kikaingia kata nyingine pasipo kutoka chumbani, mashujaa wakavuja jasho, na serikali ikashuhudia kwa macho yake mawili na miwani juu.

Palikuwa na fundi seremala, mtaa mzima ukimwita Randa: bingwa wa patasi, mtesi wa magogo, simba wa vumbi la mbao, ambaye misumari ilipomwona ilinyooka yenyewe, isipokuwa ile iliyokwisha kupinda. Katika karakana yake walitamalaki watu watatu. Yeye alipasua na kuunga. Mkewe alipiga msasa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko huo msasa. Na katika pembe ya dirishani, juu ya kiti cha enzi chenye mto uliofifia rangi, aliketi Mama Mkwe, malkia wa kamba, ambaye kazi yake ilikuwa kuwamba viti: akipitisha kamba, akivuta, akikaza, mpaka kikalio kikawa imara kiasi cha kumkalisha diwani na ahadi zake zote.

Sasa sikieni adui. Kando ya barabara kuu lilifunguliwa duka la viti vya plastiki, vinavyoshuka kwenye makontena vimepandana kama sahani, na wateja wakaanza kumpita Randa wakimsalimia kwa haraka, wakiangalia pembeni. Akavumilia, akavumilia, hata uvumilivu ukamchoka yeye. Jioni moja akamwambia mkewe kwamba wakikosa zabuni ya viti vya zahanati atafunga karakana, ataenda kushusha makontena ya lile lile duka, na Mama Mkwe atapelekwa kwa mwanawe wa kwanza, kule mbali, akapumzike. Mama Mkwe aliyasikia hayo kupitia ukutani. Kesho yake alikaza kamba mpaka kiti kikalia.

Na zabuni yenyewe, enyi watu, ilikuwa imeandikwa kana kwamba mwandishi alimwota Randa! Mbao ziwe za hapa. Kamba ziwe za hapa. Mafundi wawe wakazi wa hapa. Kazi yote ifanyike ndani ya mpaka wa kata, na mkaguzi aje aione ikifanyika. Wale wa plastiki, katika masharti yote hayo, kitu chao cha hapa kilikuwa salamu tu. Randa aliyasoma, akapiga ngumi juu ya meza yake ya kazi, akanguruma, "Mungu hamtupi mja wake!" Halafu akaenda kuosha mkono, kwani alipiga penye gundi.

Basi asubuhi ikapambazuka, na Mkaguzi akawasili, mtu mpole, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama. Akasalimu. Akaomba aonyeshwe mawe ya mpaka. Randa akasema hajapata kuona jiwe la mpaka maishani mwake.

"Si hili hapa?" akasema Mkaguzi, akiinama uani.

Lahaula! Lilikuwa jiwe ambalo Randa alinolea patasi miaka yote, na upande mmoja lilikuwa limelika likawa kama bakuli. La pili lilikuwa nyuma ya nyumba, mkewe akilitumia kukanyagia anapoanika nguo. Mkaguzi akavuta uzi kutoka jiwe hili mpaka lile, uzi ukapita mlango wa mbele, ukakata sakafu ya karakana, ukatokea ukuta wa pili. Akaufuatisha kwa chaki. Na ule mstari mweupe, mwembamba, usio na haya, ukaiacha meza ya kazi huku, mbao huku, gundi huku, kila kitu huku, na ng'ambo ukaiacha pembe ya dirishani na Mama Mkwe ndani yake.

"Huyu mama," akasema Mkaguzi kwa masikitiko, "anafanyia kazi nje."

"Nje wapi?" akauliza Randa. "Si yuko ndani?"

"Yuko ndani ya nyumba, lakini nje ya kata. Kwa mujibu wa masharti, viti hivi vinawambwa ugenini."

Moyo wa Randa ukashuka hadi kwenye kandambili. Maana hiyo pembe aliijenga yeye. Macho ya Mama Mkwe yalipoanza kufifia, Randa alibomoa ukuta, akasogeza chumba mbele kufuata jua, akamtobolea dirisha, na pale ulipokuwa ukuta wa zamani pakabaki kigongo cha saruji sakafuni. Ndivyo alivyomtia mama wa watu ugenini, kwa wema wake mwenyewe.

"Mimi naandika ninachokiona," akasema Mkaguzi. "Kwanza nikague mbao uani. Nikirudi, nikimkuta huku, nitaandika yuko huku. Nikimkuta kule, sina la kufanya, ndugu yangu."

Mkewe Randa akamvuta mumewe pembeni. "Huyu niachie. Nitamwonyesha ubao mmoja mmoja, hata vipande vya kuwashia moto. Wewe malizana na mama."

"Nimalizane naye vipi? Ni mamako!"

"Na wewe si ndiye shujaa?" akasema mkewe, akatoka.

Hapo Randa akabaki peke yake uwanjani. Akasimama kwenye mstari wa chaki, akavuta pumzi, akakohoa kikohozi cha wakuu, akanena:

"Ewe mama uliyenizalia mke! Ewe nguzo ya karakana, mkono usiotetereka, hazina ya mafundo! Taifa linakuita! Wagonjwa wa zahanati, waliosimama ukutani kama mafagio, wanakuita! Inuka, uvuke mpaka huu, uingie katika kata ya baba zetu, na vizazi vijavyo vitakaa kitako kwa raha vikilitaja jina lako!"

Mama Mkwe akavuta kamba. "Baba, umekunywa chai?"

"Nimekunywa, mama."

"Haya. Hapa nilipo panatosha."

Kutoka uani ikasikika sauti ya Mkaguzi: "Na mti huu ulikuwa mkazi wa wapi?" Na ya mkewe Randa: "Huo umezaliwa nyuma ya shule. Muulize yeyote. Mamake mpaka leo yuko palepale, anatoa kivuli."

Randa akashambulia mara ya pili. Alikwenda akalifunga dirisha, ili giza limtoe mama penye pembe yake kama moshi utoavyo nyuki mzingani. Mama Mkwe akaendelea kuwamba gizani, kwa vidole, bila kukosea fundo, huku yeye Randa akijigonga kwenye meza yake mwenyewe na kutaja mizimu. Akalifungua.

Akashambulia mara ya tatu, kwa hila. Alikitwaa kikombe cha chai ya Mama Mkwe kilichokuwa kizingitini mwa dirisha, akakiweka upande wa pili wa mstari, katika nchi ya ahadi, kikifuka mvuke. Akarudi nyuma akasubiri. Mama Mkwe akakitazama. Akachukua mkongojo wake, akaunyoosha, akakinasa kikombe kwenye kishikio chake, akakivuta taratibu, kikapanda kigongo cha saruji, kikashuka, kikarudi ugenini bila kumwaga hata tone.

"Ahsante, baba," akasema. "Ilikuwa imepoa kidogo."

Hapo uvumilivu ukamponyoka Randa. "Mama! Hatua chache tu! Mbona mgumu hivyo?"

"Nimesema siendi. Yule bwana kaniita mgeni ndani ya nyumba ya mwanangu. Mgeni hajikaribishi."

"Na huu mche," ikaja sauti ya Mkaguzi, karibu zaidi sasa, "mbona umepinda kuelekea kata ya pili?" Na ya mkewe: "Ulikuwa unafuata jua, bwana. Moyo wake ulikuwa huku huku."

Randa akaishiwa. Maneno makubwa yote yalikwisha, na madogo hayakuwa tayari. Akajitupa chini sakafuni kama gunia la unga, upande wake wa mstari, magoti kifuani. Na hapo, enyi watu, shujaa wetu akasema bila sauti ya ushujaa:

"Mama, naogopa. Sitaki kufunga karakana. Sitaki uende mbali. Nikiranda mbao nisipoisikia hiyo kamba yako inalia, mkono wangu unapotea. Wewe si mgeni. Dirisha hilo nililikata kwa ajili yako tu. Sijui nikuombe vipi."

Mama Mkwe akaweka kamba chini. Akatazama mlango. Halafu akasema kwa sauti ndogo, ya mtu aliyeshikwa na jambo la kitoto:

"Miguu imekufa ganzi."

"Nini?"

"Ganzi, baba! Tangu huyo bwana alipoingia. Nilijikaza, nikakaa wima, asije akaandika kuwa fundi wako ni kizee. Sasa siisikii miguu. Nikisimama nitaanguka, nikianguka utanidaka, na mkwe akimdaka mkwe, hiyo aibu nitaiweka wapi?"

Randa akainuka. Macho yake yakawaka. "Mama," akasema, "sitakugusa wewe. Nitagusa kiti."

Mnakijua kiti hicho? Hamkijui. Ndicho alichokileta alipokwenda kuposa, cha kwanza kukiunda tangu awe fundi. Mama Mkwe alikaa juu yake siku ile, akajitikisa, akasema mbele ya wajomba wote, "Mguu wa nyuma huu, siku moja utaniua." Binti alimtoa, lakini neno lake hakulirudisha, na kila mwaka alilikumbusha. Randa alikiunda kila kiti kingine maishani mwake akiwa na mguu ule moyoni.

Akapita nyuma ya kiti. Akakunja mikono ya shati. Akaweka viganja juu ya egemeo, akamtaja Mola wake, akasukuma! Kiti kikapiga yowe, kikasogea. Vumbi la mbao likatimka. Mama Mkwe akashika mikono ya kiti, mkongojo umelazwa mapajani, kiti kinachowambwa amekikumbatia kifuani na kamba zake zinaburuzika nyuma. Wakaja mpaka kwenye kigongo cha saruji, ule mlima usiopitika ambao hata kikombe kiliuheshimu. Miguu ya mbele ikagonga. Randa akakilaza kiti nyuma, uzito wote wa Mama Mkwe ukaangukia miguu miwili ya nyuma, na wote wawili wakausikiliza mguu ule mmoja.

"Utanimwaga," akanong'ona Mama Mkwe.

"Simwagi, mama."

"Unalia huo."

"Hayo ni magoti yangu!"

Akasukuma tena, kwa nguvu za ujana na za chapati za asubuhi, na miguu ya mbele ikaupanda mlima, ikaushuka, ikaukanyaga mstari wa chaki na kuupita, ikatua katika kata. Mgongo ukamwambia Randa basi. Hapo hapo kivuli kikaingia mlangoni, na nyuma ya kivuli Mkaguzi, na nyuma ya Mkaguzi mkewe Randa, mkono kinywani.

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akachuchumaa. "Miguu ya mbele iko ndani," akatangaza. "Ya nyuma iko nje. Na mama mwenyewe..." Akasita, maana hapakuwa na namna ya heshima ya kulisema. "Mama mwenyewe, sehemu yake ya kukalia, mstari unaipita katikati."

Wakati huo wote Mama Mkwe alikuwa ameshakiweka mbele yake kiti cha zahanati, upande wa ndani kabisa, na mikono yake inapitisha kamba, inavuta, inakaza.

"Mwanangu," akamwambia Mkaguzi, bila kuinua macho, "tangu lini mtu akawamba kiti kwa makalio?"

Mkaguzi akaangalia mikono. Akaangalia mstari. Akatafakari kama kadhi. Kisha akaandika, akitamka kila neno: "Kazi... inafanyika... ndani." Na kabla hajaondoka akaomba ruhusa, akakitikisa kile kiti cha enzi na mama yumo, kulia, kushoto. Hakikutikisika. Hilo pia akaliandika, ingawa masharti hayakulitaka.

Zabuni ikaja kwa Randa. Wagonjwa wa zahanati leo wanangoja wameketi, wakiugua kwa starehe, na wale wa plastiki wakatafuta mtu mwingine wa kushusha makontena yao. Lakini hayo ni mambo madogo, hata msiyakumbuke.

Yakumbukeni haya. Mkaguzi alipotoka, mkewe Randa aliuruka mpaka akitaka kukichukua kikombe cha chai kilichobaki dirishani. Mama Mkwe akamzuia: "Kiache hapo hapo. Kisije kikaandikwa bidhaa ya nje." Wakacheka mpaka Randa akashika meza. Mama Mkwe akachemshiwa chai nyingine, ya hapa hapa. Kisha Randa akachukua futi na kalamu, akaanza kupima ukuta wa upande wa kata, kwani aliapa kwamba dirisha nalo lazima lihamie nyumbani.

Na alipokuwa ameinua nyundo, amempa mama mgongo, akamsikia nyuma yake akikipapasa kiti, akiushika ule mguu wa nyuma, akiutikisa. Akangoja, nyundo hewani, kama alivyongoja mbele ya wajomba.

"Mguu huu," akasema Mama Mkwe, "kumbe mzima."

Basi andikeni, enyi wenye kalamu! Pigeni vigelegele, enyi wenye koo! Tangu watu waanze kukata miti na kuikalia, haujapata kusikika ushindi mkubwa kuliko huo. Randa alishusha nyundo taratibu, akajifuta macho, akasema ni vumbi la mbao.