Kipande Kimoja, Idara Mbili

Wizara ilitangaza rasmi, mbele ya waandishi wa habari, kwamba kipande chenye ukubwa wa kidole gumba kilikuwa kimevuka mipaka ya kiutawala bila kibali.

Mkurugenzi wa Sumaku alilifurahia sana tangazo hilo, maana yeye ndiye aliyeliandika. Idara yake ilikuwa upande mmoja wa korido na Idara ya Umeme upande wa pili, na kwa kuheshimu mgawanyo huo hakuwahi kuwasha taa ofisini mwake. Alisomea dirishani. Mkurugenzi wa Umeme, dada wa mke wake, naye hakuwa nyuma: aling'oa visumaku vyote kwenye milango ya makabati, ikabaki inapepea mchana kutwa. Nyumbani walitaniana kama kawaida ya mashemeji. Kazini hata salamu hawakupeana.

Mkosaji alikuwa mtafiti wa maabara, mwanamke asiyejua kunyamaza.

"Ukilisogezea sumaku tabaka hili," alimweleza Mkurugenzi wa Sumaku, akimwonyesha matabaka mawili ya kile kipande, "linajinyoosha kidogo. Limegandishwa kwenye hili jingine, kwa hiyo linalivuta. Na hili jingine likivutwa, linatoa umeme. Tunambandika mgonjwa kisumaku kifuani, karibu na kipande hiki. Moyo ukidunda kinatikisika, na sindano ya mita inaruka. Hakuna betri. Wauguzi wa zahanati wanakisubiri kwa hamu."

"Kwa hiyo sumaku inaingia huku, umeme unatokea kule?"

"Ndiyo, mzee."

"Bila kupitia masjala?"

"Inapitia gundi tu."

Mkurugenzi alijifuta jasho. Siku hiyohiyo idara zote mbili zilipendekeza, na Waziri akaidhinisha, kwamba matabaka yatenganishwe mara moja ili kila moja lirudi kwa wenyewe. Mtafiti aliyabandua kwa wembe, machozi yakimlengalenga. Alikuwa amekesha miaka juu ya kile kipande.

Siku ya uzinduzi wa kifaa, kila mkurugenzi alileta tabaka lake juu ya mto wa mahameli. Waziri alisogeza sumaku. Sindano ya mita haikutikisika.

"Mbona kimya?"

"Langu limejinyoosha ipasavyo, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi wa Sumaku.

"Langu liko tayari kuvutwa," alisema shemeji yake.

"Sasa nani analivuta?"

Wakurugenzi walinyoosheana vidole. Kamera zilikuwa zinawamulika. Mtafiti hakungoja kibali. Alitoa gundi ya kukauka haraka, akayabananisha matabaka mpaka yakashikana barabara, kisha akaomba mtu wa kupimwa. Waziri, aliyependa sana kupigwa picha, alifungua vifungo vya shati.

Kisumaku kikabandikwa kifuani, kipande kikawekwa karibu yake. Sindano ikaanza kudunda taratibu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Mheshimiwa," aliuliza mwandishi wa habari, "nani aliamuru kipande hiki kitenganishwe?"

"Sijui. Mimi sikuhusika kabisa."

Sindano iliruka kama panzi.

"Narudia, sijawahi hata kuiona hiyo karatasi!"

Sindano ikagonga ukingo wa mita, ikawa inatetemeka hapohapo.

Mtu mmoja alicheka chinichini. Alikuwa Mkurugenzi wa Umeme, amejiziba mdomo kwa kiganja. Mkurugenzi wa Sumaku alijaribu kumkazia macho kwa niaba ya nidhamu, akashindwa, akaangua kicheko mpaka akamshika shemeji yake bega asianguke.

Waziri aliitazama mita, akawatazama watu, akashusha pumzi.

"Haya. Nilisaini. Bila kusoma."

Sindano ikatulia, ikaendelea kudunda vizuri kabisa.

"Hayo ndiyo mapigo ya mtu mwenye afya," alisema muuguzi aliyeketi mstari wa mbele. "Sasa tupatieni kifaa chetu, wagonjwa wanangoja."

Lakini waandishi wote walikuwa wameshanyoosha mikono. Waziri alikumbatia kifua chake kwa mikono miwili.

"Kitoeni kwanza," alisema. "Ndipo mniulize hayo mengine."