Ufunguzi wa Kliniki ya Hasira, Manzese

Ndugu Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na ninamwakilisha. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudhibiti Hasira za Kinamama, ambaye ndiye mimi. Masheikh, wachungaji, wajumbe wa nyumba kumi. Wafadhili mliotuma salamu na mnaojiandaa kutuma. Na nyie kinamama wa Manzese mlioanza kupigwa jua saa mbili: hamjambo? (Hatujambo!)

Katika zama hizi za soko huria, ambapo kila kitu ruksa, Kamati yangu, kwa kuzingatia stratejia shirikishi na upembuzi yakinifu uliofanyika kwa kina mezani pangu, imebaini kuwa asilimia mia moja na nne ya kansa ya titi inasababishwa na hasira, hususan hasira za mwanamke anayemuuliza mumewe alikolala. (Kinababa wanapiga makofi. Kinamama wanaguna.)

Nani kasema "uongo"? Aa, Nesi Auleria. Dada yangu, unasema hilo halijathibitishwa, na kwamba cha muhimu ni mtu kupimwa mapema. Hayo ni ya wataalamu. Hapa tunazungumzia sera! Na sera, kama nilivyotangaza miezi mitatu iliyopita, ni kwamba hapimwi mtu bila barua ya mjumbe wake kuthibitisha kuwa hajagombana na yeyote kwa siku tisini, iwe bombani, sokoni au na wifi yake.

Naam, mama mwenye kanga ya kijani? Bi Mwanabaraka. (Sauti: "Barua hii hapa, Mheshimiwa! Hasira sina, mie nina uvimbe kwenye titi. Ulikuwa kama harage, sasa kama korosho. Nipimwe leo!") Jamani, mpigieni makofi! Ana uvimbe na bado anatabasamu! (Kinamama wanatikisa vichwa.) Hatabasamu? Basi hiyo ndiyo hasira yenyewe, mama, na barua yako naitengua. ("Siku tisini nimemeza matusi ya wifi yangu! Tisini, Mheshimiwa!")

Tuendelee. Hasira! (Hasara!) Kliniki! (Yetu!) Kupimwa! (Lini?)

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru Mzee Jabiri, muuza mkaa, kwa kutuazima ukuta wa banda lake. Na fundi Mashaka, aliyetuchorea hapo ukutani kliniki nzima, mlango, madirisha, benchi na wagonjwa wenye furaha, kwa siku moja tu. Mgambo, hebu mtoeni Bi Mwanabaraka pale mlangoni. Mama, acha kugonga! Rangi haijakauka.