Kiti cha Thelathini na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Mkutubi ameniomba programu ya kugawa viti vya ukumbi wa kusomea. Nimekubali kwa heshima ya taaluma. Sababu halisi: Mfasiri, wa kiti cha saba, anahama mji Ijumaa. Mimi ni wa thelathini na moja. Programu itamleta cha thelathini, jirani yangu. Kumwomba ahamie tu? Hakuna ustadi humo.

Jumanne, 5 Machi
Nimetumia Haskell, lugha ya kuandikia programu isiyovumilia uzembe. Ramani huunganisha namba ya kila kiti na msomaji wake. Hali ya ukumbi hubadilika kila mtu aingiapo au atokapo. Kompaila, mkaguzi anayegeuza maandishi yangu kuwa programu, imegoma. Mstari wa hamsini na mbili umedai msomaji, nami nimeupa kitu ambacho huenda ni msomaji, huenda si chochote. Upuuzi! Kiti cha saba kina mtu. Namwona kutoka hapa, anatafuna kalamu.

Jumatano, 6 Machi
Nimehamisha mabano. Kosa lile lile. Mfasiri amesimama mezani pangu.
“Kaka, umeninunia? Wiki nzima hunisalimu.”
Nikamjibu kwamba nina kazi ya haraka. Akatabasamu kidogo, akaenda zake. Baadaye Miwani, wakili wa kiti cha ishirini, aliinuka, akavuka ukumbi, akaketi kando yake. Mbinu duni kabisa.

Alhamisi, 7 Machi
Mkutubi amelisoma kosa akichungulia juu ya bega langu.
“Mwanangu, inakuuliza utafanyaje kiti kikiwa kitupu. Basi ijibu.”
Nimekaa na swali hilo mpaka chai ikapoa. Jibu lililovumilika lilikuwa moja tu. Nimeliandika: kiti kikiwa kitupu, rudisha Mfasiri.

Ijumaa, 8 Machi
Kompaila imekubali! Hakuna lalamiko hata moja. Nilipoinua macho, kiti cha saba kilikuwa kitupu. Ameondoka saa nne; Miwani amembebea begi. Kwa mujibu wa programu, hata hivyo, yupo cha saba, na cha nane, na cha tisa. Viti vitupu thelathini na sita, vyote amevikalia yeye.

Mkutubi ameniagiza nirekebishe. Akaongeza kwamba Mfasiri ameniachia namba yake ya simu kaunta, nikiihitaji niiombe. Nimemshukuru na kumweleza kwamba nimeanza programu ya kuikokotoa.

Marekebisho yatasubiri. Mfasiri amekaa cha thelathini, ubavuni pangu.