Umri Wangu wa Mpira

Jumatatu, 3 Agosti 1998

Leo nina miaka ishirini na mitatu. Nilipoamka asubuhi hapa Umbilo nilikuwa na thelathini na mitano, lakini Kocha Haroon wa timu ya Greyville anatafuta mshambuliaji asiyefika ishirini na mitano. Basi huo ndio umri wangu wa mpira. Kila mpaka niliovuka umenipunguzia kidogo: Kigoma, Lusaka, Harare. Safari ingekuwa ndefu zaidi ningefika Durban nikinyonya.

Hii ndiyo timu ya mwisho. Ikinikataa, ni kubeba maboksi kwenye maghala ya Mobeni hadi kaburini.

Anatole naye amekuja kujaribiwa. Tulicheza wote Bukavu zamani, yeye akiwa na ndevu tayari. Kasema ana ishirini na mmoja. Hana haya! Siwezi kumtaja, maana naye atanitaja.

Jumatano, 5 Agosti

Mazoezi. Nimefunga bao moja, kwa goti, bila kukusudia. Jioni mke wangu Marie-Jeanne amenikanda kwa maji moto akiuliza ni kijana gani wa ishirini na mitatu anayelia hivi. Nimemjibu ng'ombe hazeeki maini. Kasema mpira hauchezwi kwa maini.

Binti yetu Grâce ameomba kuja Jumamosi. Ana miaka kumi na mitatu na hajawahi kuniona uwanjani kwa macho yake. Mabao yangu ameyasikia mezani tu, na kila mwaka yanaongezeka. Ningekataaje?

Jumamosi, 8 Agosti

Bao! La kichwa, safi, kipa hakuliona! Grâce akakimbia hadi kwenye mstari akipiga kelele: "Papa! Papa!"

Kocha akauliza mtoto huyu ni wa nani. Nikasema mdogo wangu. Baba yetu alifariki, nimemlea mimi, ndiyo maana ananiita hivyo. Uongo ulitoka laini kuliko bao lenyewe. Anatole akacheka mpaka akapaliwa.

Grâce alinitazama. Kisha akasema polepole: "Ndiyo. Huyu iko yaya yangu." Kwetu ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa. Kocha akamsifu kwa adabu yake. Kwenye taxi alikaa dirishani, mbali nami.

Bao zuri kuliko yote ya maisha yangu, na sitaki kulikumbuka.

Jumapili, 9 Agosti

Yaya, nipe chumvi. Yaya, funga mlango. Siku nzima! Marie-Jeanne akauliza kulikoni, akaelezwa. Akasema kumbe ana mtoto mkubwa hivi na hakuwa na habari. Basi huyo mwanawe aoshe vyombo, na alale kwenye kochi.

Nimeosha. Kochi ni fupi.

Najuta. Nimezunguka nchi baada ya nchi nikitafuta mtu wa kunishangilia vile, na alipopatikana nikamkana mbele ya watu.

Jumatano, 12 Agosti

Nilisahau viatu nyumbani. Grâce akaniletea hadi uwanjani. Kocha akafurahi, akatangaza mbele ya wote kwamba kaka na dada wanaopendana hivi ni wachache siku hizi. Grâce akainama akatazama majani. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema si dada yangu, ni binti yangu wa kumzaa.

Kocha akamwuliza ana miaka mingapi. Akamwambia. Kocha akahesabu kwa vidole. "Eish, Peguy! Ulimzaa ukiwa darasa la nne?"

Timu nzima hoi kwa kicheko. Aliyecheka zaidi ni Anatole, huyo wa ishirini na mmoja! Nikataka kumtaja. Grâce alikuwa ananitazama. Nikachukua viatu vyangu. Jezi namba tisa amepewa Anatole.

Wakati wa kurudi, kwenye taa za Umbilo Road, wenyewe huziita robot, Grâce akanishika mkono. "Papa, tuvuke." Nililia pale pale barabarani, mtu mzima mimi. Nimeapa: kuanzia leo umri wangu ni ule alionipa mama.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimeanza kazi Mobeni. Maboksi. Mgongo! Magoti!

Lakini kumbe msimamizi wetu, mzee Jean-Bosco, ana timu ya maveterani. Wanacheza kila Jumapili, na mshambuliaji wao kaumia. Jezi namba tisa imekaa tu haina mtu! Sharti ni moja: mchezaji awe ametimiza arobaini na mitano.

Nikamwambia nina arobaini na saba, ila nimejitunza. Akanikagua juu hadi chini. Akauliza kama nina wajukuu, kwani wenzake wote huja nao uwanjani. Nikasema ninaye mmoja, msichana.

Grâce amefurahi mno kusikia nitacheza tena. Sasa hivi ananipigia pasi bukta huku akiimba. Anasema Jumapili atashangilia hadi sauti imkauke. Bado sijamwambia ataniita nani.