Skrini ya Rangi kwa Kapteni Zipora

Jumatatu, 8 Septemba
Bahati imeingia dukani kwangu kwa miguu yake! Kapteni Zipora, rubani mstaafu, amenunua ndege isiyo na injini. Ndiyo, haina. Gari huivuta kwa kamba ndefu mpaka ipae, kamba inaachiwa, kisha ndege inabebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Anairushia kwenye kiwanja cha vumbi huko Kishapu. Sasa anatafuta skrini ya kumwonyesha njia. Anataka mambo matatu tu: kiwanja kiko upande gani, umbali gani, na yeye yuko juu kiasi gani. Atupe jicho mara moja, asome, macho yarudi nje.
Nimemwambia hiyo ndiyo kazi yangu miaka yote. (Kazi yangu ni redio za magari.) 

Jumanne, 9 Septemba
Msiba! Kapteni ameingia pia kwa Mihayo, fundi wa ng'ambo ya barabara. Nimepita mbele ya duka lake mara sita nikijifanya natafuta vocha. Amemchagulia kidude cha kutosha kiganjani, cheusi na cheupe, tarakimu kubwa kama za mizani ya ng'ombe. Hata ramani hakina! Nikampigia Kapteni, nikamdokeza kwa masikitiko kwamba macho ya Mihayo ni mabovu, ndiyo maana anapenda maandishi makubwa. Akajibu kwamba basi huyo ndiye fundi anayemfaa. Sikuelewa. 

Alhamisi, 11 Septemba
Dawa nimeipata. Skrini ya inchi kumi, ya rangi! Ramani, barabara, minada ya ng'ombe, joto la mji wa Isaka, saa za swala, matokeo ya mpira. Mambo thelathini na moja kwa mkupuo!
Mke wangu Amira akaniuliza kiwanja kiko wapi hapo. Nikamwonyesha. Kumbe lilikuwa lambo la maji. Akasema: "Baba Swaumu, wewe umekosea ukiwa kwenye kigoda. Aliye angani je?"
 Kapteni amekubali kuijaribu Jumamosi kwa sharti moja: aliyeifunga akae kiti cha nyuma. Mdomo umekubali. 

Jumamosi, 13 Septemba
Niko hai. Alhamdulillahi, niko hai.
Tulipaa vizuri. Kimya cha ajabu, upepo tu. Nikafumba macho, nikasoma kila dua ninayoijua. Kisha Kapteni akauliza, kwa upole, kwa nini anaiona sura yake mwenyewe. Jua lilikuwa limepiga kioo. Nikamwomba aongeze mwanga. Akabonyeza. Yakatokea matokeo ya mpira.
Tukawa tunashuka. Akabonyeza tena. Skrini ikamuuliza kama anataka kusasisha sasa au baadaye. Akachagua baadaye. Ikamuuliza baada ya dakika ngapi!
"Hamza," akasema, "kiwanja kiko kushoto au kulia?"
Nikasema kushoto. Nikasema kulia. Ukweli ni kwamba sikujua, na nilikuwa nalia.
Akavua kilemba chake, akaifunika skrini yote, akatazama nje.  Miti ikawa mikubwa. Mbuzi wakawa na pembe. Tukatua kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, tukaruka matuta kama gari bovu, tukasimama hatua kumi kutoka kwenye zizi.
Mwenye shamba, Mzee Masalu, akaja na fimbo yake. "Mwadila," akatusalimu kwa Kisukuma, kisha akauliza injini imeangukia wapi, atusaidie kuitafuta au vipi.  Kapteni alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. Hapo ndipo nilipoogopa kweli: naye alikuwa ameogopa.

Jumatano, 17 Septemba
Kapteni amefunga kidude cha Mihayo. Jana aliruka kwa saa tatu nzima na kurudi pale pale alipoondokea. Mihayo amenisalimia kwa heshima, jambo linaloumiza zaidi.
Hata hivyo nimelitafakari kosa langu, nimelipata. Inchi kumi zilikuwa chache.
Leo amekuja Mzee Masalu, kutoka Kishapu kote huko. Macho yake yamepungua. Anaomba simu nyepesi, ya vitufe vikubwa, ya kumpigia binti yake Esta. Esta tu, amerudia mara tatu. Masikini, mzee wa watu hajui anachokihitaji! Nimemchagulia yenye kamera nne, dira, kipimo cha mapigo ya moyo na lugha sitini. Akauliza Esta yuko wapi humo. Nimemwambia asiwe na haraka.
Mafunzo yanaanza kesho. Nimetenga siku nne.